Nyumba Hii Haiuzwi

Ukiwa Dar es Salaam, pita Sinza, Tabata au Mbagala uangalie kuta. Hukosi maandishi ya rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Nyingine zinaongeza chini yake: OGOPA MATAPELI. Juzi nilikuwa nimesimama mbele ya mojawapo pale Tabata nikisubiri pikipiki, mzee mmoja mwenye kofia ya kiua akasoma kwa sauti, akaguna. "Enzi zetu watu akili zilikuwa kichwani," akaniambia. "Ukitaka nyumba unamuuliza jirani. Sasa mpaka ukuta useme."

Mzee ana hoja. Jirani alijua nyumba ni ya nani, na asipojua yeye, balozi wa nyumba kumi alijua. Lakini ile ilikuwa akili, au kujuana? Sensa ya 1967 iliukuta mji huu una watu wasiofika 300,000. Ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 5.3 mkoa mzima. Jirani wa leo kahamia mwezi uliopita, na chumba chenyewe kakipata kwa dalali. Utamuuliza nini? Ile rangi nyekundu imeshika zamu ya jirani, tena usiku na mchana.

Na busara ya enzi hizo nayo ilikuwa na makaburi yake. Mtoto akishikwa na degedege, mtaa mzima ulikuwa na hakika kwamba akichomwa sindano atakufa, basi anapelekwa kwa mganga kwanza. Degedege hiyo mara nyingi ilikuwa ni malaria, na malaria ilikuwa na dawa, lakini watoto wakafa wakiwa njiani kwenda kusikohusika. Hili huwa halitajwi tukianza kukumbuka zamani.

Ila kuna Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi, na hapo mzee ananishinda. Muuza mihogo yeyote wa Magomeni angekuambia, bila kupima chochote, kwamba bonde hilo ni njia ya maji. Wataalamu na michoro yao wakaweka karakana ya mabasi ya mwendokasi hapo hapo. Mwendokasi ulianza 2016. Mvua kubwa zikishuka, karakana inageuka bwawa, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, na abiria wa Kimara anaanza kuulizia njia ya kuzunguka. Shahada hazikupungua hapo. Sijui kama kuna aliyemuuliza muuza mihogo.

Lakini wenyeji hao hao ndio waliojenga bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya waathirika wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Sidhani kama walikuwa hawayajui maji. Mabwepande ni mbali, kibarua kiko Kariakoo. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kutafuta riziki anaweka mafuriko na nauli kwenye mzani mmoja: mafuriko huja msimu, nauli inadaiwa kila siku. Hiyo nayo ni akili ya kichwani, hata kama siku moja inamfikisha juu ya paa na godoro lake.

Pikipiki ya mzee ikatangulia kufika. Kijana akampa helmeti. Mzee akaigeuza, akapitisha kidole ndani, akanusa, akairudisha.

"Naenda hapo Segerea tu, mjukuu wangu," akasema, akaikaza kofia yake ya kiua, wakaondoka.