Anza na Kijiji, Usianze na Jina la Ukoo

Wanaotafuta mababu wa Kifilipino waliopelekwa kuonyeshwa kwa watazamaji kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis, Marekani, mwaka 1904 hukwama mapema kwa sababu huanza na jina la ukoo. Wabontoc wengi, watu wa milima ya kisiwa cha Luzon, waliandikishwa kwa jina moja tu, tena karani aliliandika alivyolisikia. Anza na kijiji. "Igorot", neno lililo chini ya picha nyingi, ni jina la jumla la watu wa milimani. Linawafunika Wabontoc pamoja na Wasuyoc, ambao walikuwa wachimba madini.

Kuchanganya huko kulikuwa na faida kwa walioandaa. Marekani ilikuwa imeilipa Hispania dola milioni 20 kwa ajili ya Ufilipino, kisha ikapigana vita na Wafilipino wenyewe. Kwenye ekari 47, Wafilipino zaidi ya 1,000 walipangwa kama ngazi: Wanegrito na Waigorot walioitwa washenzi, Wamoro Waislamu, Wavisaya Wakristo, na juu kabisa askari wa Kifilipino waliovaa sare za Marekani. Mbwa, ambaye Wabontoc humchinja na kumla kwenye matambiko, akageuzwa tamasha la kila mara mbele ya umati. Kwa hiyo picha ya mlo ule haituambii Wabontoc walikula nini kwao. Inatuambia watazamaji walilipia kuona nini. Ota Benga wa Kongo alionyeshwa papo hapo St. Louis, na mwaka 1906 akawekwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York.

Majina hupatikana zaidi penye ugomvi wa pesa kuliko kwenye albamu. Truman Hunt, aliyewahi kuwa ofisa wa Marekani huko Bontoc, alizungusha kundi la Waigorot nchini Marekani kwa maonyesho, kisha akashtakiwa Memphis mwaka 1906 kwa kuwaibia mapato yao, na wenyewe wakatoa ushahidi. Nyaraka za Ofisi ya Mambo ya Visiwa, idara ya Marekani iliyosimamia Ufilipino, zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, College Park, fungu namba 350. Uliza pia rejista za Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani: mwanaanthropolojia wake Aleš Hrdlička alichukua bongo za Wafilipino waliofia St. Louis. Mtafiti anayeishia kwenye picha hawakuti marehemu hawa.

Timicheg, Mbontoc aliyefia kwenye maonyesho ya Gent, Ubelgiji, mwaka 1913, leo jina lake liko kwenye handaki la barabara karibu na stesheni ya Gent-Sint-Pieters.