Bunduki ya springi haitaki kubanwa

Nina boksi la viatu limejaa karatasi za shabaha, zinakaribia mia tatu sasa hivi, na kila moja nyuma yake nimeandika tarehe, aina ya risasi, na mkono wa kushoto ulikua umekaa wapi. Ukizitandika sakafuni kuanzia ya kwanza mpaka ya juzi unaona kitu kimoja wazi kabisa, matundu hayakuanza kukaribiana siku niliyonunua skopu mpya (darubini ya kulengea) wala siku niliyobadilisha risasi, yalianza kukaribiana siku niliyoacha kuibana bunduki. Na hilo ndo nataka kuliongelea leo, kwa sababu naona watu wengi, wakiwemo ndugu zetu wa huku Uingereza walioanza huu mchezo majuzi, wanahangaika na bunduki za upepo za springi alafu wanaishia kuziuza kwa bei ya kutupa wakiamini ni mbovu.

Mimi naishi Leicester, nyuma ya nyumba kuna kiuwanja cha kama mita 12 kutoka mlango wa jikoni mpaka ukuta wa mwisho, na Jumapili nikipata nafasi naenda klabu. Bunduki yangu ni Weihrauch HW95, kaliba ya milimita 4.5, ile ya kukunja mtutu. Kila risasi unakunja mara moja, unaweka, unafunga, unapiga, basi. Hakuna mtungi wa hewa, hakuna pampu, hakuna cha kuchaji.

Sasa tuelewane kwanza ndani kunatokea nini, maana ukishaelewa hapa mengine yanafuata yenyewe. Ukikunja mtutu unairudisha pistoni nyuma na kuibana springi nene mpaka inanaswa na triga. Ukivuta triga springi inaisukuma pistoni mbele kwa kasi, pistoni inaibana hewa iliyo mbele yake, na hiyo hewa ndo inaisukuma risasi itoke. Lakini pistoni ni chuma kizito, ikienda mbele bunduki inarudi nyuma, alafu ikifika mwisho inakutana na hewa iliyobanwa inasimama ghafla, na bunduki nayo inarushwa mbele. Nyuma alafu mbele, yote ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na bunduki inakua imeshaanza kutembea wakati risasi bado imo ndani ya mtutu. Bunduki za mtungi, ambazo hewa yake imeshashindiliwa tayari, hazina hii habari, ndo maana mtu akitoka kwenye mtungi akaja kwenye springi anashangaa kwa nini anapiga kama hajawahi kushika bunduki.

Kwa hiyo bunduki itatembea, huwezi kuizuia hata uwe na misuli ya bondia. Unachoweza ni kuifanya itembee vilevile kila mara. Na mkono unaobana hauwezi kubana sawasawa mara mbili, leo umechoka, kesho una hasira na trafiki, risasi ya tatu umebana kidogo kuliko ya pili, na kila tofauti ya mkono inaonekana kwenye karatasi.

Wajerumani waliokua wanatengeneza bunduki za mashindano ya mita 10 walilijua hili zamani. Feinwerkbau 300 yao ilikua ya springi kama yangu, lakini mtambo wote waliuweka juu ya reli, ukipiga unateleza nyuma wenyewe juu ya kitako, bega hata halisikii. Na kwenye mashindano hayo, ambayo yaliingia Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles, ile alama ya kumi ya katikati siku hizi ni nukta ya nusu milimita, kwa hiyo unaelewa kwa nini walihangaika vile. Sisi wa bunduki za kawaida hatuna reli, inabidi reli iwe mikono yetu.

Namna yenyewe ni hivi. Kiganja cha kushoto unakifungua kabisa, bunduki inalala juu yake, vidole havishiki kitu. Kitako kinagusa bega, hakisukumwi kwenye bega. Shavu linaegemea tu. Mkono wa kulia unashika kidogo sana, mimi hua hata dole gumba sizungushi, naliacha upande uleule wa kidole cha triga. Tom Gaylord, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu bunduki za upepo, ndo aliueneza mshiko huu kwa jina la mshiko wa mizinga, kwa sababu mzinga wa vita nao unaachwa urudi nyuma wenyewe. Mara ya kwanza utahisi kama bunduki itakudondoka. Haidondoki. Na unapopiga ukiona imeruka kidogo mikononi usishtuke, ndo inatakiwa iruke.

Alafu kuna swali la kiganja kikae wapi, na hapa ndo watu wengi wanapitia haraka wakati ndo penye utamu. Bunduki moja inapenda kiganja kikae karibu na triga, mdomo wa mtutu unabaki mzito mbele, nyingine inapenda kiganja kisogee mbele mpaka karibu na mwisho wa mbao. Hakuna wa kukuambia, bunduki yenyewe ndo inasema. Nilichofanya mimi nilibandika vipande vya utepe chini ya mbao, kuanzia kwenye triga kwenda mbele, kila baada ya sentimita 3, nikapiga risasi tano kwenye kila alama, karatasi tofauti, jioni tatu mfululizo nikarudia zoezi lilelile. Alama ya pili kutoka kwenye triga ilishinda jioni zote tatu. Kabla ya hapo kwa mita 10 nilikua napata kundi, yaani upana wa matundu yote matano, la milimita 30 hivi, baada ya hapo nikaanza kuona 12, 11, siku nyingine 9, bunduki ileile, skopu ileile, risasi kutoka kopo lilelile.

Miezi sita ya mwanzo niliipoteza kwa jambo lingine ambalo nataka mtu asilirudie. Dukani waliniuzia skopu nzuri kwa macho, kioo kinang'aa, lakini haikutengenezwa kwa bunduki ya springi. Hilo teke la mbele nililoeleza juu ndo linaua skopu, maana bunduki nyingi kubwa za baruti zinapiga teke la nyuma tu na skopu zake zimejengwa kuvumilia upande huo. Yangu baada ya risasi mia kadhaa ukaanza kuhama msalaba wa ndani wa kulengea, leo inapiga kushoto, kesho juu, na mimi nikawa nazungusha vile vifundo vya kurekebishia skopu kila siku nikidhani nakosea kulenga. Niliumia sana nilipogundua, kwa sababu nilishaanza kujiona sina kipaji. Kwa hiyo kabla hujajilaumu uliza kama skopu yako imetengenezwa kwa springi, na kaza skrubu za kitako, hizi zinalegea zenyewe kwa mtikisiko, mimi nazikagua kila Jumamosi asubuhi kwa bisibisi inayoingia vizuri, unakaza mpaka zinashika basi, usizivunje.

Risasi nazo, nisiziongelee sana. Nunua makopo matatu manne ya aina tofauti, jaribu zote, bakia na ile bunduki inayoipenda. Yangu inapenda za kampuni ya JSB, za gramu 0.54 hivi. Nawa mikono kabla ya kula maana ni madini ya risasi hayo, na usipige kabisa bunduki ya springi ikiwa tupu, bila risasi mbele pistoni haina mto wa hewa wa kutosha inagonga chuma kwa chuma.

Turudi kwenye mazoezi. Kuna imani kwamba ukitaka kua mzuri piga risasi nyingi, watu wanakuja klabu Jumapili wanamaliza mia mbili kwa kikao kimoja, za mwisho mkono unatetemeka, jicho limechoka, na wanachofanya pale ni kuufundisha mwili kupiga vibaya. Mimi napiga 25 kwa siku, siku nne au tano kwa wiki, makundi matano ya risasi tano tano, na zikiisha nafunga hata kama nimenogewa. Risasi tano ni muhimu. Ukipiga tatu zinaweza kwenda tundu moja kwa bahati ukajidanganya mwezi mzima, hizo picha za kundi la risasi tatu watu wanazojivunia kwenye simu mimi siziamini. Na usiifute ile moja iliyokwenda pembeni ukasema hiyo haihesabiki, inahesabika, hiyo ndo inakuambia mkono ulifanya nini.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote alinifundisha mzee mmoja wa klabu, Mwingereza wa miaka sabini na kitu, mpole sana. Aliniambia nikishapiga nisiangalie tundu. Kwanza nitaje kwa mdomo risasi imekwenda wapi, saa ngapi, yaani kama uso wa saa, ndo niangalie. Wiki ya kwanza nilikua nataja saa tatu kumbe iko saa nane, sikua na habari kabisa na kile macho yangu yanaona wakati wa kufyatua, kumbe nilikua nafumba jicho kidogo bila kujua! Baada ya mwezi nikawa napatia tatu kati ya tano. Na siku unapoweza kutaja kabla ya kuangalia, ujue sasa unaona msalaba ulipokua mpaka mwisho, na hapo makosa yanaanza kujirekebisha.

Hii ya kubaki pale pale baada ya kupiga ilinikumbusha manati. Sisi tuliokulia kule nyumbani tukipiga maembe kwa manati, ya tyubu ya baiskeli na kipande cha ngozi ya kiatu, yule aliyekua na shabaha mtaani ulikua unamjua kwa mkono wake wa mbele, jiwe limeshafika embe limeshadondoka na mkono bado umenyooka haujashuka. Wengine wote tulikua tunashusha mkono haraka tuone kama tumepata. Kwenye springi risasi inachelewa zaidi kutoka baada ya kuvuta triga kuliko bunduki ya mtungi, kwa hiyo ukiinua kichwa mapema kuchungulia umeshaiharibu. Baki. Hesabu moja, mbili, ndo uinue.

Na kabla ya kupiga, fumba macho ukiwa umeshalenga, vuta pumzi, toa, fungua macho. Msalaba umehama? Basi mwili wako haujaelekea pale, usiuvute kwa misuli, sogeza miguu au kiti mpaka ukifungua macho uwe pale pale. Hili watu wanaliruka kwa sababu linachosha.

Upepo kwenye mita 10 uwanjani kwangu siujali. Kule klabu tunapiga vibao vya chuma vya mchezo unaoitwa field target mpaka yadi 55, karibu mita 50, kitundu cha kupitishia risasi kuanzia milimita 15 mpaka 40, kule upepo ni somo zima na mimi bado ni mwanafunzi.

Usalama siwezi kuuacha. Huku England bunduki ya upepo isiyozidi futi-pauni 12, kama joule 16 hivi, huhitaji leseni ukiwa na miaka 18, lakini risasi ikivuka mpaka wa uwanja wako bila ruhusa ya jirani ni kosa la jinai, na lazima uchukue tahadhari watoto wasiifikie. Scotland ni tofauti, tangu mwisho wa 2016 lazima uwe na cheti. Na wewe unayefikiria kuibeba kwenye begi kwenda nayo Kenya au Tanzania, nakuomba usifanye hivyo kabla hujauliza polisi wa kule, kwa maandishi. Mimi ukutani nina sanduku la mbao nililolijaza matambara na nyuma yake bamba la chuma, na mlango wa jikoni naufunga kwa ufunguo nikianza ili mtoto asitokee ghafla. Hii ni silaha, ndogo lakini silaha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aongeze hela anunue ya mtungi ndo apate shabaha, namwambia ngoja kwanza, ipe hiyo springi miezi mitatu ya mikono mepesi na risasi 25 kwa siku. Ya mtungi inakusamehe, kwa hiyo makosa yako unakaa nayo miaka bila kujua kama unayo.

Mwezi huu nimeanza kupiga nikiwa nimesimama, bila kiti bila mto wa mchanga. Karatasi ya juzi matundu matano yameenea upana wa kiganja. Nyuma yake nimeandika: mkono alama ya pili, ya nne nilibana, niliitaja saa mbili kabla sijaangalia, ikawa saa mbili.