Nyumba za kale za Marekani: tuusadiki mtindo au msumari?

Utangulizi wa nyumba za Marekani karibu kila mara huanzia barabarani, kwa kutaja mtindo wa sura ya nje. Madirisha matano juu yaliyopangwa sawasawa, mlango katikati: Georgian, ya karne ya 18. Mnara pembeni, kibaraza kinachozunguka na nakshi za mbao kila kona: Queen Anne, kati ya 1880 na 1910 hivi. Paa la mteremko mdogo lenye ukingo mpana, nguzo nene zinazokonda kwenda juu: Craftsman.

Majina haya yana faida kwa fundi. Queen Anne ina mapaa mengi yanayokutana, na maji ya mvua hukimbilia kwenye hayo maungio. Bati la hapo likitoboka, mbao zinaweza kuoza muda mrefu kabla doa halijaonekana darini. Craftsman huacha ncha za makombamoyo wazi kama pambo; ncha iliyokatwa hunywa maji, basi huoza mwanzo. Anayezifunika kwa ubao bila kukata kilichooza anaficha ugonjwa tu.

Taabu huanza mtindo unapogeuzwa cheti cha kuzaliwa. Sura ya Georgian ilirudi tena kuanzia miaka ya 1880 na ikajengwa hadi katikati ya karne ya 20. Kampuni ya Sears, kati ya 1908 na 1940, iliuza kwa katalogi nyumba nzima zilizosafirishwa kwa treni zikiwa vipande, na baadhi zilivaa sura hiyo ya zama za ukoloni wa Waingereza. Aidha, mwenye nyumba ya 1780 aliweza kuongeza nguzo za Kigiriki mwaka 1840, fasheni ilipopamba moto.

Ndiyo maana wengine huteremka moja kwa moja chini ya sakafu. Msumari uliofuliwa kwa mkono hukonda pande zote nne, na ulitawala hadi 1800 hivi. Uliokatwa kwa mashine hukonda pande mbili tu na ncha yake ni butu. Ule wa waya, wa mviringo, ulishika soko miaka ya 1890. Ila msumari nao hudanganya: mbao za kale zilitumika tena, na ukarabati huacha misumari yake. Kinachoamua umri ni kitu kipya kuliko vyote kilichofungwa ndani ya kiunzi cha awali. Cha kale zaidi kingeweza kutoka jengo jingine.

Kwa maoni yetu, mwenye bajeti ndogo ya ukarabati aanze na kiunzi. Tangu miaka ya 1830, hasa Chicago na maeneo ya jirani, kulienea ujenzi wa mbao nyembamba, mara nyingi inchi 2 kwa 4, zilizosimama kila inchi 16 hivi, kutoka msingini hadi kwenye paa bila kukatizwa na sakafu. Ulikuwa wa haraka na nafuu, lakini uwazi ulio kati ya mbao hizo ni dohani tupu: moto wa chini hufika darini haraka. Queen Anne ya tajiri na nyumba ya mkulima zote zinaweza kuwa na kasoro hiyo, na uso wa nje hauisemi. Tiba yake ni vipande vya mbao vya inchi 2 vilivyokazwa kuziba kila uwazi kwenye usawa wa kila sakafu, na wakati mzuri wa kuvitia ni pale ukuta unapofunguliwa kwa ajili ya nyaya za umeme.