Sinkopi kwa Vitendo

Tangu Baraza la Mawaziri lilipokubali Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, sisi walimu wa Kiswahili hapa Uganda tumekuwa watu wa semina. Ile ya Jinja nilipewa mada mbili: asubuhi sinkopi, yaani sauti kudondoka katikati ya neno, mchana apokopi, yaani neno kukatwa mkia.

Nilitoka nyumbani na chai kavu, nikijiambia rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, nitakula mapumzikoni. Mapumziko yakachelewa. Bati linawaka, nami nimesimama na chaki saa mbili nzima.

"Waganda wana omuntu, omuti," nikaandika ubaoni. "Sisi tuna mtu, mti. Hii u ya katikati imekwenda wapi? Tazameni. Inadhoofika, inadhoofika, halafu..."

Nikadondoka.

Nasimuliwa kwamba walipiga makofi. Mzee mmoja wa Arua alinukuu kabisa daftarini. Ni mama wa kiti cha mbele aliyeshtuka: "Bambi, maskini, mbona haamki?" Wakanipakia kwenye boda, nimebanwa katikati kama gunia la muhogo.

Zahanati, daktari alinilaza, miguu juu ya mito miwili, akauliza hili na lile, akaandika. Nikachungulia karatasi. Sinkopi! Nikafurahi kama niliyekutana na ndugu ugenini.

"Daktari, kumbe na wewe ni mtu wa fonolojia!"

"Sinkopi ni nini, mwalimu?" akauliza polepole.

"Irabu kudondoka katikati ya neno."

Kalamu ikasimama. "Sista, huyu alijigonga kichwa?"

"Omuntu, mtu!" nikamtolea mfano. "Omuti, mti!"

"Bambi," sista akasema, akaenda kuleta tochi.

Nikamulikwa jicho la kulia, la kushoto, nikaulizwa Rais ni nani. Swali hilo Uganda hata mahututi halimshindi. Jibu ni lile lile tangu 1986.

Hatimaye daktari akanielewesha: ukisimama sana, damu inatuama miguuni, presha inashuka, ubongo unapungukiwa, unazimia. Hiyo ndiyo sinkopi yao. Neno ni moja, la Kigiriki, lenye maana ya kukata. Alicheka mpaka akavua miwani.

Kesho yake nikakuta fomu za maoni mezani. Ya juu kabisa ilisema: "Mfano wa sinkopi umeeleweka sana. Tunaomba apokopi nayo ifundishwe kwa vitendo."