Mtoto Anayetembea kwa Ncha za Vidole: Simu Yatosha, au Apelekwe Maabara ya Mwendo?

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akitembea kwa ncha za vidole, lawama huiendea kano ya kisigino, na ushauri huwa irefushwe. Mara nyingine kano haina kosa. Goti na nyonga ndivyo vilivyokunjika, kisigino kikabaki juu ilhali wayo uko karibu nyuzi 90 na muundi. Kurefusha kano hapo ni kuidhoofisha misuli ya shavu la mguu: muundi huangukia mbele mtoto anapokanyaga, goti huzidi kukunjika, naye huishia kutembea kama aliyechuchumaa nusu. Kuirudisha nguvu hiyo ni kazi ngumu mno.

Watetezi wa maabara wana hoja nzito. Kamera zinazofuata vitufe vilivyobandikwa mwilini, pamoja na bamba la kupimia nguvu sakafuni, hutoa pembe ya kila kiungo hatua nzima, na mzigo unaolielemea goti. Mzigo huo hauonekani kwa jicho, hata la mzoefu.

Ila namba hizo nazo hupotoka. Ngozi ya paja huteleza juu ya mfupa, na kitufe huteleza nayo, pengine zaidi ya milimita 10. Kitufe cha gotini kikikaa kombo, mzunguko wa nyonga husomeka vibaya na grafu ikaonekana safi kabisa. Tofauti ya nyuzi 3 kati ya vipimo viwili isiitwe nafuu.

Kliniki ya kawaida inaweza mengi. Simu isimamishwe ubavuni, usawa wa nyonga, irekodi fremu 120 kwa sekunde. Mtoto avae kaptula, awe peku, asipite mshazari, maana pembe zitadanganya. Kisha alale chali, kifundo kipimwe kwa goniomita, kifaa cha kupimia pembe za viungo, mara mbili: goti likiwa limenyooka, halafu limekunjwa nyuzi 90. Kisigino kishikwe kikiwa kimegeuzwa ndani kidogo, la sivyo wayo hukunjikia katikati na kipimo kikaonekana kizuri bure. Wayo ukipanda goti likikunjwa tu, kilichokaza ni gastroknemiasi, msuli wa nje wa shavu la mguu unaovuka goti. Ukigoma kote kuwili, soleasi, msuli ulio chini yake usiofika gotini, nayo imo. Ukipanda vizuri kote, kano iachwe, chanzo kitafutwe kwenye nyonga na misuli ya nyuma ya paja.

Panapofikiriwa upasuaji wa viungo kadhaa kwa pamoja, au kukata na kugeuza mfupa wa paja, hapo video ya simu haitoshi. Gharama ya safari hadi maabara ni halali.