Gobore la Midomo Miwili

Nimekulia Tabora, kwa hiyo gobore nalijua. Nalijua kwa mlio, maana la Babu kulishika ilikuwa marufuku. Lilining'inia juu ukutani, limefungwa waya shingoni kama mgonjwa, na likishuka ujue nyani wameingia kwenye mahindi. Kwetu huko watu wa Mirambo walipigana na Waarabu wa Tabora kwa magobore miaka ya 1870. Sisi tuliyakuta yamestaafu, na siku hizi polisi wanatangaza kila mara watu wayasalimishe.

Mimi nimevuka bahari, nimefika Pennsylvania, nikalinunua kwa dola.

Chanzo ni mwenzangu wa kazini. Aliniambia baada ya Krismasi kuna msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za kizamani tu. Niliposikia “za kizamani”, damu ya Babu ikanichemka, sikuuliza swali la pili. Nikaagiza lenye mitutu miwili, limetengenezwa Italia kwa mtindo wa kale, tundu lake karibu milimita 14. Hoja yangu ilikuwa nzito: Babu akikosa, mpaka ashindilie tena nyani keshamaliza tuta zima na kujifuta mdomo. Mimi ningekuwa na risasi ya akiba.

Sheria ya serikali kuu ya huku haiyahesabu magobore mengi pamoja na silaha za kisasa, basi likaletwa mlangoni na gari la vifurushi, kama sufuria. Nikampigia Mjomba kwa video.

“Mpwa wangu, hilo si gobore?” akauliza.

“Ndilo, Mjomba. Shikamoo.”

“Marahaba. La Babu yako nimelipeleka polisi mwaka juzi, nimejifunika kanga ya shangazi yako nisijulikane. Wewe umekatiwa na risiti?”

Jumamosi nikaenda uwanja wa shabaha. Baridi ya Novemba, nimevaa glavu nene kama za kushikia chungu. Nikamimina baruti gramu 4 kila mtutu, nikaweka risasi ya duara iliyovikwa kitambaa chenye mafuta, nikashindilia kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, nikavisha fataki, vile vikofia vidogo vya kuwashia baruti. Gobore la namna hii lina vifyatulio viwili: cha mbele cha mtutu wa kulia, cha nyuma cha kushoto. Kidole cha kawaida hugusa kimoja. Kidole cha glavu ile kiligusa ukoo mzima.

Sikusikia mlio. Niliona moshi, kisha nikaona mbingu. Nilipoinuka kilikuwa kimebaki kigoda peke yake, na harufu ya mayai viza, maana baruti nyeusi ina salfa ndani yake. Mzee mmoja wa meza ya jirani akauliza kama niko salama. Nikamwambia nilikuwa najaribu mitutu yote kwa pamoja. Akatikisa kichwa kwa heshima. Huku watu wana adabu.

Nikavua glavu, nikapiga mmoja mmoja kwa yadi 50. Wa kulia ukapiga kulia. Wa kushoto ukapiga kushoto. Katikati yao shubiri nzima, na palepale katikati ndipo nilipolenga. Nikachukua nyundo ndogo, nikagonga kijino cha nyuma cha kulengea. Mtutu wa kulia ukaingia katikati, safi kabisa, na wa kushoto ukahamia kwenye karatasi ya yule mzee. Nikagonga upande wa pili. Sasa wa kushoto ukatulia na wa kulia ukasusa. Wake wenza hasa: ukimridhisha huyu, yule anafungasha virago.

Nilicheza na nyundo ile saa nzima kabla mzee hajanionea huruma. Akaniambia kijino ni kimoja, mitutu ni miwili, kwa hiyo ukikisogeza unaihamisha yote. Mafundi huiunganisha ikiwa imeelekeana kidogo kwa mbele, na kinachoipatanisha ni kipimo cha baruti. Ikienda kila mmoja kwake, ongeza kidogokidogo, bila kuvuka kiwango cha kiwandani. Tukapanda taratibu hadi karibu gramu 6, na matundu yakasogeleana hadi ukaweza kuyafunika kwa kifuniko cha kikombe cha chai.

Kwa furaha nikapakia tena huku nikimsimulia habari za Babu. Kulia, du! Kushoto, ta. Fataki imelia, gobore kimya. Tukangoja dakika nzima mdomo ukielekea shabaha. Mzee akatumbukiza mdeki, akapima kina, akanitazama.

“Risasi ipo. Baruti umemwekea nani?”

Ikabidi tufungue kichuchu cha fataki, tupenyeze punje chache za baruti, tukirudishe, ndipo tukaitema ile risasi. Ilidondoka mita chache mbele yetu, kama mtu anayetema kokwa la embe.

Jumatatu nikamwonyesha mwenzangu picha. Akaikuza, akainyamazia.

“Hili ni la fataki.”

“Ndiyo. Mitutu miwili!”

“Msimu wa baada ya Krismasi ni wa gumegume tu. Jiwe na cheche. La fataki hawaruhusu.”

Jioni nikampigia Mjomba, nikamweleza pole pole. Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

“La Babu yako,” akasema, “lilikuwa la jiwe.”