Fiacre ya Paris: Jina la Kibao au la Mtawa?

Magari ya farasi ya kukodi yaliyoenea Paris katika karne ya 17 yaliitwa fiacre, nalo ni jina la mtakatifu: Fiacre, mtawa kutoka Ireland aliyeishi karibu na mji wa Meaux, Ufaransa, katika karne ya 7 na ambaye watunza bustani walimchagua kuwa msimamizi wao. Namna jina hilo lilivyotoka bustanini na kufika kwenye magari imeelezwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya kibao. Henri Sauval, mwanahistoria wa Paris, aliandika kwamba Nicolas Sauvage, aliyeanza kukodisha magari karibu mwaka 1640, alikaa mtaa wa Saint-Martin katika nyumba kubwa yenye kibao cha picha ya mtakatifu huyo. Jina la nyumba likahamia kwenye magari yaliyotoka humo. Gilles Ménage, mtafiti wa asili ya maneno aliyeishi wakati huohuo, alisema kwamba kibao hicho alikiona kwa macho yake, ila yeye alisema kilikuwa mtaa wa Saint-Antoine. Tofauti hiyo si ndogo, na anayeishikilia ana haki ya kuuliza kama kweli mmoja wao alikiona. Hata hivyo, naona inaimarisha hoja kuliko kuidhoofisha, kwa sababu watu wawili wanaohitilafiana kuhusu mtaa lakini wanaafikiana kuhusu kibao hawaelekei kuwa wamenakiliana.

Njia ya pili inamtaja Bruda Fiacre, mtawa wa Paris aliyeheshimiwa kwa kumwombea Malkia Anne wa Ufaransa apate mtoto kabla mwanawe, Mfalme Louis XIV, hajazaliwa mwaka 1638. Inasimuliwa kwamba alipofariki mwaka 1684, picha zake zilibandikwa magarini ili kuyakinga na ajali. Kwa kazi yenye hatari kama ile, jambo hilo linaaminika kabisa. Linalokwama ni tarehe, kwani neno lilikuwa limezoeleka miongo kadhaa kabla ya kifo chake. Hivyo picha, kama zilibandikwa, yaelekea zilifuata jina badala ya kulizaa.

Mfuatano huohuo unaonekana kwa mtakatifu mwenyewe. Leo anahesabiwa kuwa msimamizi wa madereva wa teksi pia, ingawa hakuna simulizi la maisha yake linalomhusisha na gari, na sababu pekee inayoeleweka ni kwamba magari yalikuwa tayari yanaitwa kwa jina lake.